CHORA KWANZA, HESABU BAADAYE

Mimi ni mwanachama mwenzako wa Chama cha Kiswahili hapa Sotik. Mwaka huu nimewaachia mashairi na ngeli wale wenye vipawa hivyo, nami nimeleta somo la fizikia. Najua utasema, "Huyu amepotea njia. Fizikia na Kiswahili wapi na wapi?" Tulia kidogo. Wengi wetu tulipofika mada ya msawazo katika kidato cha pili tulikariri kanuni, tukapita mtihani, halafu tukasahau. Hata mimi nilisahau, mpaka siku ile gunia la mama lilipopungua kilo tatu mbele ya macho yangu.

MSAWAZO NI NINI?

Kitu kikitulia, usidhani hakuna kani inayokivuta au kukisukuma. Kani zipo, ila zimemalizana. Kitabu kilicho juu ya dawati kinavutwa chini na dunia, na wakati uo huo dawati linakisukuma juu kwa kani iliyo sawa. Ndiyo maana hakianguki wala hakirukii darini.

Katika somo hili tunazungumzia vitu vigumu, yaani vitu tunavyovichukulia kuwa havipindi wala kubadilika umbo, kama vile mti, ubao au ngazi. Ili kitu kigumu kiwe katika msawazo, lazima masharti mawili yatimie:

1. Kani zote zikijumlishwa zifutane. Za juu zilingane na za chini, za kushoto zilingane na za kulia.

2. Momenti zote zifutane, popote pale utakapochagua kuwa egemeo. Momenti ni kani mara umbali wake kutoka kwenye egemeo, umbali huo ukipimwa kwa pembe mraba na mstari wa kani. Momenti za upande wa mshale wa saa zilingane na zile za kinyume chake.

Sharti la kwanza huzuia kitu kisihame. La pili huzuia kisizunguke. Elimu hii si ya jana: Mgiriki Archimedes aliandika juu ya nyenzo na mizani zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, naye Mwingereza Isaac Newton akatoa kanuni zake za mwendo mwaka 1687.

MCHORO WA KITU HURU

Sasa tunafika penye kiini cha makala yangu. Kabla ya kuandika hesabu yoyote, chora mchoro wa kitu huru. Hatua zake ni hizi:

(a) Chagua kitu kimoja tu. Kitenge na vitu vyote vinavyokigusa, kana kwamba kinaelea peke yake hewani.

(b) Chora mshale wa uzito wake, uelekee chini kutoka kwenye kitovu cha uzito.

(c) Tembea kwa macho kukizunguka kitu chote. Kila mahali kinapoguswa, iwe na kamba, ukuta, mkono au ardhi, chora mshale wa kani inayotoka hapo.

(d) Andika ukubwa wa kila kani unayoijua na umpe herufi kila mshale usioujua.

Hatua ya (c) ndiyo inayotuangusha wengi. Mguso mmoja ukisahaulika, hesabu yote imeharibika. Sasa nikusimulie.

MFANO WA KWANZA: GUNIA LA MAMA

Siku moja wakati wa likizo nilimsindikiza mama hadi kituo cha kununulia majani chai. Sitakitaja jina. Mizani yao ilikuwa ile ya springi, yenye uso kama wa saa, imening'inizwa kwa kamba kwenye boriti. Mvua ilikuwa imenyesha, kamba imerefuka, na gunia la mama lilipoangikwa kwenye ndoano, kitako chake kiligusa ardhi. Mshale wa mizani ukasimama kwenye 17. Nyumbani tulikuwa tumepima 20.

Mama alinung'unika, lakini wenzake kwenye foleni wakamwambia, "Mama, mizani haidanganyi. Songa mbele."

Hapo ndipo nilipokumbuka mchoro. Nikachukua kijiti nikachora gunia kwenye udongo. Uzito wake: kilo 20 mara 10, yaani nyutoni 200 kuelekea chini. Ndoano inalivuta juu kwa kani ambayo mizani inaisoma: nyutoni 170. Je, nyutoni 30 zimeenda wapi? Gunia limetulia, kwa hivyo lazima kuwe na mshale mwingine kuelekea juu. Nikatembea kwa macho kulizunguka gunia, nikaupata pale chini: ardhi.

170 + 30 = 200

Kumbe wenzake mama walisema kweli. Mizani haikudanganya. Mizani husoma kani inayoivuta yenyewe tu, wala haisomi uzito uliobebwa na ardhi. Hata mizani ya kielektroniki ya siku hizi ingesema vivyo hivyo.

Nikajikaza nikasema, "Samahani karani, gunia linagusa chini."

"Kijana, umekuja kuuza majani ama kunifundisha kazi?"

"Naomba tu tuinue kamba kidogo, mzee. Kama nimekosea, nitaomba msamaha mbele ya hawa wote."

Mama alinikazia macho ya kuniambia ninyamaze. Lakini mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Hebu mwinulie tuone. Hata langu liligusa." Karani akafupisha kamba. Gunia likaning'inia bila kugusa kitu, likayumba, likatulia. Mshale ukasimama kwenye 20. Foleni nzima ikanyamaza, halafu waliokuwa wamekwisha pimiwa wakaanza kurudi mmoja mmoja na magunia yao.

Sisemi karani alikusudia kupunja watu. Kamba ilirefuka, basi. Lakini piga hesabu: kilo 3 kila upimapo, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 50, ni kilo 300 za majani. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

MFANO WA PILI: MIMI NA KAKA YANGU

Huu unahusu momenti. Kaka yangu na mimi tulikuwa tukibeba mtungi wa maziwa kwa mti mabegani, yeye mbele, mimi nyuma. Mti una urefu wa mita 2 na uzito wa nyutoni 40. Mtungi ukijaa una nyutoni 360. Kaka aliuning'iniza nusu mita kutoka begani kwangu, kisha akawa ananicheka kwa kuhema. "Watu wawili, mti mmoja, kila mtu nusu. Unalia nini?" Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Tuuchore mti peke yake. Kuelekea chini: mtungi, 360, na uzito wa mti wenyewe, 40, katikati. Kuelekea juu: bega la kaka, K, na bega langu, M. Tusiojua ni wawili. Ujanja ni kuchagua egemeo pale alipo mmoja wao, ili momenti yake iwe sufuri atoke kwenye hesabu. Nachagua bega langu:

K × 2 = (360 × 0.5) + (40 × 1)
K × 2 = 180 + 40 = 220
K = 110

Kani zote za juu lazima zifike 400, kwa hivyo M = 400 − 110 = 290. Yaani mimi nilibeba kama kilo 29, yeye kilo 11! Ukitaka kuhakikisha, chukua bega la kaka kuwa egemeo: (360 × 1.5) + (40 × 1) = 580, gawanya kwa 2, unapata 290 ile ile.

Nilimwonyesha kaka daftari. Alilitazama kwa muda, akaligeuza, akanirudishia. Kesho yake mtungi ulikuwa katikati ya mti.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kwanza, kusahau uzito wa kitu chenyewe, kama vile ule mti. Pili, kuchora kani ambazo kitu kinawapa wengine. Gunia huisukuma ardhi, ndiyo, lakini mshale huo ni wa mchoro wa ardhi. Kwenye mchoro wa gunia weka tu kani zinazolifikia gunia. Tatu, kupima umbali wa momenti kutoka mwisho wa mti badala ya kutoka kwenye egemeo.

ZOEZI LAKO

Boriti ya mita 3 yenye uzito wa nyutoni 120 imelazwa tu juu ya nguzo mbili, bila msumari wala kamba. Nguzo ya kwanza iko mwisho wa kushoto, ya pili iko mita 2 kutoka hapo. Mizani imeangikwa mwisho wa kulia. Ukipuuza uzito wa mizani, gunia linaweza kuwa na kilo ngapi kabla boriti haijainuka upande wa kushoto? Kumbuka, nguzo inaweza kusukuma boriti juu, lakini haiwezi kuivuta chini isipofungwa.

(Jibu: Egemeo ni nguzo ya pili. 120 × 0.5 = 60, na gunia liko mita 1 kutoka hapo, kwa hivyo nyutoni 60, yaani kilo 6 tu. Likizidi hapo, boriti inapinduka. Usimwache mtoto asimame chini ya boriti kama hiyo!)

Ndugu msomaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: kani bila mchoro hupotea bila habari. Ukienda nyumbani likizo hii, pitia kituoni na uangalie kitako cha gunia. Kwaherini.