Mtoto wa Mlevi Asaidiwe Mapema

Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Leo nawaletea somo nililolipata nyumbani kwetu.

Mwaka jana mdogo wangu wa Gredi ya Pili alianza kupiga wenzake, kuiba penseli na kukojoa kitandani. Majirani wakasema, "Mtoto wa mlevi huyo, atakuwa kama babake." Maneno hayo yalinichoma, maana babake ndiye babangu.

Nilimwendea mwalimu wa ushauri nasaha. Alinieleza kwamba hatari ya ulevi yaweza kurithiwa kwa kiasi fulani, lakini hatari si hukumu. Linalomsumbua mtoto kila siku ni kutojua. Usiku anasikiliza mlango: baba anakuja na mkate au na matusi? Kosa lilelile leo anachekewa, kesho anachapwa. Hofu ikimjaa, hutokea mikononi.

Akanipa mfano wa Marekani. Katika miaka ya 1980, Karol Kumpfer wa Chuo Kikuu cha Utah alianzisha mafunzo kwa familia zilizosumbuliwa na ulevi na dawa za kulevya. Ni vipindi 14, kimoja kwa wiki. Saa ya kwanza wazazi hukaa kwao na watoto kwao. Ya pili wote hukaa pamoja. Wazazi hufundishwa kumsifu mtoto anapotenda mema, kuweka kanuni zisizobadilika na kucheza naye. Watoto hufundishwa kusema yaliyo moyoni.

Sisi hatuna vipindi hivyo. Hata hivyo shangazi, dadake baba, alikuja tukakaa na mama, tukaamua tusingoje baba aache pombe. Kwanza, chakula cha jioni ni saa moja, baba awepo asiwepo. Pili, mdogo wangu akipiga mtu, hachezi mpira siku hiyo, hakuna kuchapwa. Tatu, akifanya vizuri asifiwe papo hapo. Nne, mama alimwambia wazi, "Baba kulewa si makosa yako." Mwalimu wake pia alijulishwa.

Muhula mmoja umepita. Ngumi zimepungua sana, ingawa godoro bado twalianika siku moja moja. Baba angali anakunywa, lakini juzi saa moja ilimkuta mezani.

Mwenzangu, kama kwenu ni hivyo hivyo, usione haya. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Ukimkosa, piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa. Usingoje mdogo wako awe mkubwa.