Kiti Kilichokataa Kutoka

Nataka kuwaeleza wasomaji jambo lililonipata nyumbani Kabwe wakati wa likizo. Jambo lenyewe ni la fizikia na kemia, lakini sikulijua kwa kusoma. Nililijua kwa kuvunja boliti ya watu.

Bibi yangu aliteleza penye mawe ya ufukweni, akaumia nyonga. Tabibu alimfunga mguu kwa mbao, akatuambia hapana budi apelekwe hospitali ya Sumbawanga, naye asikalishwe hata kidogo. Asafiri amelala chali. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kwenda na mgonjwa mwingine. Tukabaki na Noah ya baba mdogo, gari la watu wanane, ambalo siku za Jumapili hutuchukua sisi na siku nyingine huchukua matenga ya migebuka na dagaa kwenda Namanyere.

Viti vya nyuma kabisa havikutusumbua. Cha kulia tulikikunja pembeni, cha kushoto tulikiacha ili mama akae na kujifunga mkanda. Taabu ilikuwa kiti cha katikati. Hicho kilishikwa sakafuni kwa boliti nne, wala hakikupata kung'olewa tangu gari linunuliwe. Mbili za mbele zilitoka kwa spana namba 14 bila maneno. Mbili za nyuma, pale ambapo matenga huchuruzika maji ya samaki wa chumvi, zilikuwa zimevaa kutu nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Basi hapo nikajiona mtaalamu. Nilikuwa nimekwisha fundishwa darasani kwamba momenti ni nguvu mara umbali. Spana yetu ina urefu wa sentimita 20. Nikivuta kwa Nyutoni 300, yaani kama kuinua mzigo wa kilo 30, napata Nyutoni-mita 60. Nikachomeka bomba juu ya spana, urefu ukawa sentimita 80, nikavuta kwa nguvu ile ile. Hesabu ikawa 240. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Boliti ikalia "kat!", kichwa chake kikaruka, nami nikaanguka juu ya mlango.

Nikacheka, maana upande ule kiti kilikuwa huru. Mzee mmoja fundi wa mashine za maboti, aliyeitwa na baba mdogo, yeye hakucheka. Alisema, "Kijana, umekitoa. Na kukirudisha je? Kisiki kimebaki ndani, nawe kesho utamkalisha mtoto wa mtu hapa, gari lifunge breki." Nikanyamaza.

Hapa nisimame kidogo nieleze kutu ni nini, kwa sababu mimi nilishindana na boliti, kumbe mpinzani wangu alikuwa kutu. Chuma hakipatikani ardhini kikiwa chuma. Hupatikana kama mawe ambamo kimeshikamana na oksijeni. Wahenga wetu wa Ufipa walijenga tanuru ndefu za udongo, malungu, nyingine zikimpita mtu kimo, wakayachoma mawe hayo kwa mkaa. Mkaa ukayapokonya mawe oksijeni yao, chuma kikabaki. Kutu ni safari hiyo hiyo kwa kurudi nyuma. Chuma kikipata maji na hewa hujirudia kuwa kama yale mawe, na maji yakiwa na chumvi safari huwa ya haraka zaidi. Tena kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kati ya meno ya boliti na meno ya nati nafasi ni finyu mno. Kutu ikifura mle, hukaza kama kabari. Kwa hiyo anayevuta kwa bomba refu huikunja shingo ya boliti huku meno yamelala palepale.

Mzee akaanza upya na ile boliti iliyobaki. Hakugusa kichwa kwanza, bali aliingia uvunguni mwa gari. Kule chini ncha ya boliti ilikuwa imetokeza nje ya nati, imejaa tope na kutu. Akaisugua kwa brashi ya waya mpaka meno yakaonekana, maana meno hayo machafu ndiyo yatakayopita ndani ya nati boliti ikitoka. Kisha akachanganya mafuta ya taa na oili kidogo, akadondosha juu na chini. Mafuta ya taa ni mepesi, hupenya yenyewe mahali pafinyu, kama utambi unavyoyavuta. Mtu aliyekuja na sigara alifukuzwa mbali. Mimi niliuliza kwa nini tusipashe kwa moto. Akanionyesha kapeti, sponji ya kiti na tangi la petroli, sikuuliza tena.

Badala ya moto tulimimina maji ya moto juu ya kichwa cha boliti. Nilikuja kupiga hesabu baadaye: chuma chenye unene wa milimita 10, kikipata joto la digrii 70 zaidi, hutanuka pungufu ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ni kidogo sana, lakini kutu haina unyumbufu. Hupasuka, na mafuta hupata njia. Akagonga kichwa kwa nyundo ndogo, wima, mara nyingi, bila hasira. Akatia mafuta tena. Halafu akafanya kazi iliyonishinda mimi kabisa: akakaa.

Tulikaa tangu saa kumi na mbili jioni hata saa tatu usiku. Bibi akilalamika ndani, nami nikitamani bomba langu. Mzee alitusimulia habari za Liemba, ile meli iliyokuwa ikitia nanga Kabwe kwetu. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mashine zikaonekana bado nzima. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mashine zimelala chini ya ziwa zikapona, na boliti ya baba mdogo imeshindwa na maji ya dagaa!

Saa tatu akashika spana bila bomba. Cha ajabu, aliikaza kwanza, kidogo tu. Ikalia. Kisha akafungua robo mzunguko, akarudisha nyuma nusu ya robo, mafuta, akafungua tena. Alifanya hivyo kwa dakika 20 hivi, boliti ikatoka nzima.

Tuliosha sakafu kwa sabuni, milango ikalala wazi ili harufu ya mafuta ya taa iishe. Alfajiri tukatandika godoro, tukalifunga, bibi akalazwa, gari likaanza kuupanda uwanda wa Ufipa polepole.

Kile kisiki changu kilitolewa kwa keekee juma lililofuata, kazi ya nusu siku, meno ya nati yakachongwa upya. Tukanunua boliti mpya zenye alama ile ile kichwani kama zile za kwanza, tukazipaka grisi, na chini ya matenga siku hizi hutandikwa turubai. Bibi sasa hutembea kwa mkongojo. Akipanda gari hukaa kiti cha katikati, naye kabla hatujaondoka huniuliza, "Mjukuu wangu, ni ipi ile uliyoivunja?"