Kifafa si Laana

Ndugu msomaji uliyeko Mbulu au Hanang, yawezekana jirani yako ana mtoto mwenye kifafa, naye amefichwa ndani. Wengi huogopa mate yake, hata akiangukia motoni hakuna amshikaye. Lakini kifafa ni maradhi ya ubongo, wala hakiambukizi kwa mate.

Katika hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, waganga wameyachunguza maradhi haya kwa miaka mingi. Huweza kuletwa na uzazi mgumu, malaria ya kichwani, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyomo katika kinyesi cha mtu, yakiingia katika chakula. (Basi asiyeonja nguruwe kamwe naye hasalimiki!)

Mwanamke mwenye kifafa alimjia Mtume Muhammad (s.a.w.) kuomba dua. Hakumfukuza, alimsikiliza na kumwombea. Kwa nini basi sisi tumtenge mgonjwa, hata huzuni imwingie juu ya ugonjwa wake?

Dua haizuii dawa. Fenobabitoni humezwa kila siku, wala isikatizwe ghafla. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko kinywani. Mtukutiko ukipita dakika 5, mpeleke hospitali.