Safari Ndefu ya Baiskeli: Mwendo wa Kundi ni Mwendo wa Aliye Nyuma

Jumamosi na Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijajaa katika Barabara ya Outer Ring, waendeshaji baiskeli huonekana wakikusanyika kando ya barabara katika mitaa ya Donholm, Umoja, Buruburu na Kariobangi. Wengine wana baiskeli nyepesi za gia nyingi. Wengine wana zile nzito nyeusi ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Wanaelekea Thika, Machakos au mbali zaidi.

Somo hili limeandaliwa kwa mkazi ambaye angependa kujiunga nao. Linawahusu pia dereva, utingo na mhudumu wa bodaboda wanaotumia barabara hizo hizo. Jambo la msingi ni moja: safari ndefu humalizwa na kundi linalojua kusubiriana. Kundi lisilojua hilo huweza kumpotezea mwenzao maisha.

Safari ndefu si mashindano

Duniani kuna utamaduni mkongwe wa safari za baiskeli zisizo na mshindi. Unaojulikana zaidi ni ule wa Paris-Brest-Paris nchini Ufaransa. Ulianza mwaka wa 1891 kama mashindano, lakini siku hizi ni safari ya kilomita 1,200 inayofanyika kila baada ya miaka 4. Mwendeshaji hupewa kadi inayogongwa muhuri katika vituo vya njiani, na muda wa mwisho kwa wengi ni saa 90. Anayefika ndani ya muda huo amefaulu, awe wa kwanza au wa mwisho.

Kabla ya kufika huko, mtu hupitia safari za kilomita 200, 300, 400 na 600. Ile ya 200 hupewa saa 13 na nusu, pamoja na muda wa kula na kupumzika. Ukipiga hesabu, huo ni mwendo wa takriban kilomita 15 kwa saa. Ni mwendo ambao mfanyakazi anayetoka Kayole kwenda Eneo la Viwanda kwa baiskeli anaufahamu vizuri. Kazi ngumu ni kuudumisha tangu asubuhi hadi jioni bila kuchoka kupita kiasi, bila kuumia, na bila kumwacha mwenzako.

Kwa nini kundi?

Sababu ya kwanza ni upepo. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo nguvu nyingi zaidi za mwendeshaji zinavyotumika kusukuma hewa iliyo mbele yake. Anayefuata nyuma kwa karibu hukingwa na yule wa mbele, na katika mwendo wa kasi anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Ndiyo maana kundi lenye nidhamu hupokezana: mmoja hukaa mbele dakika chache, kisha hujitoa kando na kurudi nyuma, na mwingine huchukua nafasi yake. Mwenye nguvu hukaa mbele muda mrefu zaidi. Aliyechoka hukaa nyuma, na hakuna wa kumcheka.

Sababu ya pili ni usalama. Dereva wa lori humwona kwa urahisi zaidi mtu aliye ndani ya kundi kuliko mtu mmoja pekee. Tairi ikipasuka, yupo mwenye pampu. Mtu akianguka, yupo wa kuzuia magari na wa kupiga simu nambari 999 au 112.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka, kundi huchagua watu wawili. Wa kwanza ni kiongozi wa mbele, anayejua njia na kudhibiti mwendo. Wa pili ni mfunga msafara, ambaye haruhusiwi kumpita mtu yeyote hadi mwisho. Mfunga msafara akisimama, wote husimama. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na msemo huo una maana zaidi katika kilomita 20 za mwisho, miguu ikiwa mizito na macho yakianza kuchoka.

Mifano ya Afrika Mashariki

Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985. Akiwa kijana alifunzwa na David Kinjah, mwendeshaji Mkenya ambaye kwa miaka mingi amewalea vijana karibu na mji wa Kikuyu. Froome alianza kwa kuendesha pamoja na kundi la vijana hao, akijifunza kupanda milima na kutengeneza baiskeli.

Mkenya mwingine wa kukumbukwa ni Suleiman Kangangi, aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka wa 2017. Baadaye alikuwa nahodha wa Team Amani, timu iliyowaleta pamoja waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda. Alichangia pia kuanzisha Migration Gravel Race, mashindano ya siku 4 katika barabara za changarawe za Maasai Mara, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2021. Mnamo Agosti 27, 2022, Kangangi alianguka akiwa katika mashindano jimboni Vermont, Marekani, na kufariki akiwa na umri wa miaka 33. Kifo chake kinakumbusha kwamba hata aliye na uzoefu mkubwa hana kinga dhidi ya kuanguka.

Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 zenye vilima vingi, na waliofika mwisho walikuwa 30 pekee. Wengi wa waliojiondoa walikuwa wataalamu wanaolipwa kuendesha. Mkazi anayeshindwa kumaliza safari yake ya kwanza hana sababu ya kuona haya.

Maandalizi ya mwili na chakula

Anza na kilomita 20, kisha ongeza kidogo kidogo kila wiki. Safari ya kwenda Thika na kurudi Kariobangi ni karibu kilomita 80, na ina mtego wake. Thika iko chini kuliko Nairobi, kwa hivyo kwenda ni rahisi na kurudi ni kupanda. Wengi hutumia nguvu zote wakienda, kisha huishiwa wakifika Juja au Ruiru.

Kunywa maji kabla ya kuhisi kiu. Nusu lita kwa saa huwatosha wengi, na jua likiwa kali huhitajika zaidi. Kula kila baada ya nusu saa au dakika 45, hata kama huna njaa. Ndizi, viazi vitamu, nduma, chapati na njugu hubebeka vizuri na hupatikana katika soko lolote la mtaani. Anayesubiri njaa imshike huenda akatetemeka, akahisi kizunguzungu na kupoteza umakini. Hali hiyo ikimpata mtu, asimame, ale kitu chenye sukari na apumzike. Asiachwe peke yake.

Maandalizi ya baiskeli

Mpelekee fundi baiskeli siku kadhaa mapema, si asubuhi ya safari. Kagua mambo haya:

1. Breki za mbele na za nyuma zinashika.
2. Tairi hazijachanika na zina upepo wa kutosha.
3. Mnyororo umetiwa mafuta na haulegei.
4. Kiti kiko katika urefu unaofaa. Ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka.
5. Kuna taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.
6. Umebeba tyubu moja ya akiba, viraka, gundi na pampu.

Helmeti na jaketi inayoakisi mwanga ni lazima kwa kila mmoja katika kundi, hata kwa safari ya karibu.

Lugha ya barabarani

Walio nyuma hawaoni mashimo, kwa hiyo wa mbele ndiye macho yao. Huonyesha shimo kwa kidole na kupaaza sauti: "Shimo kushoto!" Akiinua mkono juu, kundi linasimama. Aliye nyuma naye hutoa habari: "Gari nyuma!" Kila mmoja hurudia neno hilo hadi limfikie wa kwanza. Usiruhusu gurudumu lako la mbele kuingia kando ya gurudumu la nyuma la mwenzako, maana akikwepa shimo mtaanguka wote wawili. Usifunge breki ghafla, na usitumie simu wala vifaa vya masikioni.

Kwa madereva, ombi ni fupi. Mpe mwendeshaji nafasi ya kutosha unapompita, na tazama kioo kabla ya kufungua mlango au kushusha abiria.

Njia ni ya wote

Barabara ya Outer Ring ina njia ya baiskeli, lakini mara nyingi njia hiyo hufungwa na magari yaliyoegeshwa, bidhaa za kuuzwa au pikipiki zinazokwepa msongamano. Mwendeshaji hulazimika kuingia kati ya magari. Sera ya Kaunti ya Jiji la Nairobi kuhusu usafiri usiotumia injini, iliyopitishwa mwaka wa 2015, inalenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara itumike kwa miundombinu ya wanaotembea, waendeshaji baiskeli na usafiri wa umma. Wakazi wana haki ya kuulizia utekelezaji wake katika vikao vya umma vya bajeti. Na kuacha njia ya baiskeli wazi ni jambo ambalo mfanyabiashara na dereva wanaweza kuanza leo.

Anayetaka kuzoea kuendesha kundini kabla ya safari ndefu anaweza kuanza na Critical Mass Nairobi, matembezi ya baiskeli ambayo tangu mwaka wa 2014 yamekuwa yakifanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Nani atakuwa mfunga msafara wetu, na anajua kuziba panchari?
2. Mmoja wetu akichoka katikati ya safari, tutafanya nini?
3. Je, kila mmoja ameacha nambari ya simu ya mtu wa nyumbani kwa kiongozi?
4. Ni sehemu gani za njia yetu zenye hatari zaidi, na tutazipita saa ngapi?

Kundi lisiloweza kujibu maswali haya lisubiri wiki nyingine kabla ya kuondoka.