KUPIMA HESABU KUBWA KWA TISA

Mtu akihesabu magunia yake ya mahindi, kosa huonekana upesi, maana magunia yapo mbele yake. Bali hesabu ya mamilioni haionekani kwa macho. Husadikiwa kama ilivyoandikwa. Kwa hiyo yafaa kila mwalimu, karani na mkuu wa kijiji ajue njia ya kuipima.

Na tutwae mfano mmoja. Katika sensa ya Agosti 2022 watu wa Tanzania walihesabiwa tangu pwani hata Msanzi na nchi yote ya juu ya Ufipa. Wanaume walikuwa 30,053,130, wanawake 31,687,990, na jumla yao 61,741,120.

Jumlisha tarakimu za jumla hiyo: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, tena 2 na 2 ni 4. Hiyo 4 ndiyo baki ya hesabu nzima ukiigawanya kwa 9. Sababu yake ni hii: punje 10 za mahindi ukizipanga mafungu ya tisa tisa, hubaki 1. Punje 100 hufanya mafungu 11, hubaki 1. Punje 1,000 hufanya mafungu 111, hubaki 1. Basi 700 hubakiza 7, kwa kuwa kila mia hubakiza moja. Na ndivyo ilivyo kwa kila tarakimu, hata ikisimama mahali pa milioni.

Haya, wapime wanaume: 15, yaani 6. Wanawake: 43, yaani 7. Sasa 6 na 7 ni 13, yaani 4, sawasawa na baki ya jumla. Lau karani angaliandika 61,751,120, angalipata 5, na kosa lingalijulikana mara moja.

Lakini jihadharini. Tuseme karani amegeuza 7 na 4, akaandika 61,471,120. Tarakimu ni zile zile, na baki ni 4 ile ile, kumbe watu 270,000 wamepotea! Hao 270,000 hugawanyika kwa 9 pasipo baki; ndiyo maana kipimo hakikuwaona. Basi shikeni kanuni hii: baki zisipolingana, kosa lipo hakika, zikilingana, kosa laweza kuwapo bado. Dawa yake ni kujumlisha upya kutoka chini kwenda juu, kisha mtu wa pili asome tarakimu moja moja kwa sauti.

Jambo hili si la shuleni tu. Madarasa, dawa na visima hupangwa kwa hesabu ya watu, na mtu aliyepotea katika daftari hakumbukwi katika mgawo.

Zoezi: Tuseme kata moja ina wanaume 4,286 na wanawake 4,571, na karani ameandika jumla 8,847. Pimeni kwa tisa, kisha mwonyesheni alipokosea.