SOMO LA KOMPYUTA: KUREKEBISHA DRAIVA BAADA YA KUWEKA WINDOWS UPYA



Wengi wenu mmeweka Windows 11 mahali pa Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inawaka vizuri, lakini haioni Wi-Fi, haitoi sauti, au maandishi ya skrini yamekuwa makubwa mno. Hapo mwenye mashine huambiwa kwamba kadi imekufa, naye hutoa fedha ya sabuni na chumvi kununua nyingine. Kabla hujalipa, soma haya.

Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa fulani. Ukifuta kila kitu na kuweka Windows upya, draiva za zamani hupotea. Windows huja na draiva zake, lakini si za kila kifaa.

Kwanza angalia. Bonyeza pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi X, kisha chagua Device Manager. Windows ya Kifaransa huandika Gestionnaire de périphériques. Kifaa chenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao kina tatizo, na mara nyingi ni draiva tu. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, skrini inatumia draiva ya dharura. Fundi anayetaka kuuza kadi kabla ya kufungua ukurasa huu, mwombe aufungue mbele yako.

Draiva hupatikana bure kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine. Soma jina na namba ya aina kwenye lebo iliyo chini ya laptop. Usilipie programu zinazojidai kutafuta draiva zote. Nyingine huleta virusi.

Utauliza: intaneti nitaipata wapi, na Wi-Fi ndiyo mbovu? Unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB inayopitisha data, kisha kwenye simu washa USB tethering. Kwa kawaida kompyuta itapata mtandao bila kadi ya Wi-Fi. Mara moja ingia Settings, fungua mtandao huo, washa Metered connection. Usipofanya hivyo Windows inaweza kuanza kujipakulia masasisho makubwa na bando lote likaisha kabla draiva haijafika.

Kama Wi-Fi ipo lakini hukatika kila baada ya dakika chache, bofya mara mbili jina la kadi katika Device Manager, fungua Power Management, uondoe alama kwenye mstari unaoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Baadhi ya mashine mpya hazina ukurasa huo. Ikiwa draiva mpya imeharibu zaidi, fungua Driver, bonyeza Roll Back Driver. Kitufe kikiwa hafifu, hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa.

Waliozoea kibodi ya Kifaransa: ukibonyeza A ikatoka Q, kibodi ni nzima. Badilisha mpangilio wake kwenye Settings, sehemu ya lugha, kabla ya kuweka neno la siri.

Draiva ukishaipata, inakili kwenye flashi na uandike aina ya mashine. Jirani mwenye laptop ya aina hiyo hiyo hatahitaji kununua bando.