Uji Badala ya Chakula cha Mchana: Upike Vipi Ili Uwe Mlo

Asubuhi Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Msimbazi mpaka vichochoro vya Jangwani, hukosi chupa za uji. Kuli, machinga na dereva wa bodaboda hunywa kikombe kimoja wakakaa nacho hadi jioni, ama kwa kubana matumizi, ama kwa sababu mteja hamngojei mtu anayekula. Mimi ni mtetezi wa uji. Unaweza kabisa kushika nafasi ya mlo mmoja kwa siku. Ila uji mwingi tunaokunywa haujapikwa kwa kazi hiyo, na anayeutegemea mchana kutwa anajidhoofisha.

Tupige hesabu. Kikombe cha mililita 300 kilichopikwa kwa gramu 30 za unga na vijiko 2 vya chai vya sukari kina kilokalori 140 hivi na protini gramu 2 au 3. Mwanamume anayebeba mizigo huweza kuhitaji kilokalori 3,000 kwa siku. Ili azipate kwenye uji huo pekee itabidi anywe vikombe zaidi ya 20, yaani lita 6. Hakuna tumbo la kazi hiyo.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza aina za nafaka, ndiyo maana sokoni unga wenye nafaka saba unasifiwa kuliko wenye mbili. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele na ngano ni ndugu wa tumbo moja: vyote ni wanga kwa sehemu kubwa. Nafaka moja au mbili zinatosha. Kinachougeuza uji kuwa mlo ni karanga, maziwa, soya au dagaa.

Kwa mlo wa mtu mzima, chukua gramu 60 za unga wa ulezi au dona, kama vijiko 7 vya chakula vilivyosawazishwa. Koroga kwa maji baridi, upike kwenye maji yanayochemka hadi uive vizuri, kisha ongeza vijiko 2 vya chakula vya siagi ya karanga, kikombe kidogo cha maziwa (mililita 200) na sukari kidogo, uchemke tena. Hapo una kilokalori zinazokaribia 550 na protini gramu 18 au zaidi.

Tatizo ni kwamba uji huo utakuwa mzito, na ukiongeza maji unarudi kulekule. Bibi zetu walikuwa na jibu: kimea. Loweka ulezi usiku kucha, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, uanike ukauke, usage. Uji ukishaiva, epua, uache upungue moto kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga na usubiri dakika 10. Utalainika mpaka unyweke, bila kupoteza chakula chake. Kisha urudishe jikoni uchemke tena, kwa kuwa kimea kibichi hubeba vijidudu. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliishughulikia njia hii miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Kwa kimea tumia ulezi, maana machipukizi ya mtama yana sumu ya sayanaidi.

Soya haifai kusagwa mbichi, maana inazuia tumbo kusaga protini. Ichemshe nusu saa, uianike, ndipo uipeleke mashineni. Karanga nazo usizichanganye kwenye unga wa kuweka muda mrefu: mafuta yake huchacha haraka.

Jambo la kuogopa zaidi ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha uji hakuiondoi. Unaponunua mahindi au karanga, mwaga kiasi kwenye ungo, utupe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Karanga zilizokwisha kusagwa huwezi kuzichambua; nunua nzima. Ukinunua unga, angalia nembo ya TBS na tarehe.

Jangwani iko bondeni mwa Mto Msimbazi, na mafuriko yakija maji machafu huingia kila mahali. Chemsha maji ya kuoshea chupa pia. Uji ukiwa wa moto kabisa ndani ya chupa nzuri uko salama. Ukishakuwa vuguvugu, umalize ndani ya saa 2, hasa wenye maziwa.

Hata uji huu bora una upungufu. Vitamini C karibu haipo, kwa hiyo kula chungwa, pera au embe pamoja nao, na chai isogeze mbele angalau saa moja kwa kuwa inazuia madini ya chuma. Usiku kula chakula chenyewe: ugali au wali, mchicha au matembele, maharage, na dagaa, ambao wana vitamini B12 isiyopatikana kwenye nafaka wala karanga.

Mtoto chini ya miezi 6 hapewi uji wa aina yoyote; maziwa ya mama yanamtosha. Mwenye kisukari aache sukari na azungumze kwanza na mhudumu wa kituo chake, kwani uji laini hupandisha sukari upesi. Mjamzito asiruke mlo kwa ajili ya uji. Aunywe kama nyongeza kati ya milo.